Serikali ya kushoto au ya kihafidhina? Ulinganisho kwa mpiga kura wa Mombasa

Ukikaa kwenye baraza lolote la kahawa hapa Mombasa, iwe Mji wa Kale au Mtopanga, mabishano ni yale yale. Mmoja atasema serikali ishushe bei ya unga, iajiri vijana, iwatoze kodi wenye nacho. Mwenzake atajibu kwamba serikali ikishika bei, bidhaa hupotea madukani, na heri ipunguze kodi iwaachie watu wafanye biashara zao. Wote wawili wana hoja. Taabu ni kwamba vyama vyetu havijipangi hivyo. Vinasimama juu ya majina ya viongozi na ngome zao, kwa hivyo mwananchi anayetaka kuchagua sera hana pa kuziona zikijaribiwa kwa zamu.

Mexico na nchi za Amerika ya Kati na ya Kusini wamezijaribu, tena si mara moja. Hugo Chávez alishinda Venezuela mwishoni mwa 1998. Lula na Néstor Kirchner waliingia madarakani Brazil na Argentina mwaka 2003, Evo Morales akaingia Bolivia mwaka 2006. Wakati huo mafuta, soya na shaba zilikuwa na bei nzuri kwa sababu China ilikuwa ikinunua kwa wingi, na serikali za kushoto zikapata fedha za kugawa. Bei zilipoanguka kuanzia 2014, upepo ukageuka: Mauricio Macri akachukua Argentina mwishoni mwa 2015, Jair Bolsonaro akashinda Brazil mwaka 2018. Mexico ilikwenda kushoto mwaka huo huo wa 2018, na haikupita muda mrefu kushoto kukashinda Chile, Colombia na Brazil yenyewe. Sasa wahafidhina wanarejea tena: Javier Milei yuko Argentina tangu Desemba 2023, na mwaka 2025 Rodrigo Paz alishinda Bolivia na José Antonio Kast akashinda Chile. Uruguay ikaenda kinyume na majirani zake, ikarudi kushoto.

Ninaposema kushoto hapa nakusudia serikali inayoamini dola iingie sokoni: itoe ruzuku, ipandishe mishahara ya chini, imiliki mashirika makubwa, igawe fedha kwa maskini. Wahafidhina nakusudia wale wanaotaka dola ijipunguze kwenye uchumi na iwe ngumu kwenye usalama na maadili. Wapo wanaochanganya, na wengi wa viongozi wetu wa Kenya ni wa kuchanganya.

Tunapima nini

Nimechagua vigezo vitano ambavyo mtu wa Mombasa anavihisi bila kusoma gazeti: bei ya vitu, huduma za umma, kazi, usalama, na jinsi serikali inavyokubali kuondoka. Juu ya vyote hivyo nauliza swali moja: maumivu huja lini, na huanza na nani? Kila sera ina gharama yake. Serikali hizi mbili hutofautiana zaidi katika wakati wa kulipa kuliko katika kulipa kwenyewe, na hapo ndipo mtu anaweza kuchagua kulingana na hali yake.

Bei ya vitu

Serikali za kushoto huanza kwa faraja. Bolivia ilitaifisha gesi tarehe 1 Mei 2006, mapato yakaongezeka, umaskini ukapungua sana, na bei ya mafuta ya magari ikashikiliwa pale pale kwa miaka mingi. Familia maskini zilipumua, na si haki kulisahau hilo. Lakini uzalishaji wa gesi ulipopungua, dola za Marekani zikaadimika kuanzia 2023, na malori yakawa yanapanga foleni za dizeli. Mwaka 2025 wapiga kura wakakiondoa chama kilichokuwa kimetawala karibu miaka ishirini. Venezuela ilikuwa mbaya zaidi. Ilidhibiti bei na fedha za kigeni tangu 2003, mafuta yakaanguka 2014, rafu zikabaki tupu, mfumuko wa bei ukapaa, na zaidi ya watu milioni 7 wakahama nchi.

Hata hivyo Venezuela haiwezi kutumiwa kuwapima wote. Lula katika muhula wake wa kwanza alibana bajeti, akadhibiti mfumuko wa bei, na Brazil ikamaliza deni lake kwa IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, kabla ya wakati. Kushoto kunaweza kuhesabu.

Wahafidhina huanza kwa maumivu. Milei aliapishwa Desemba 2023, na siku chache baadaye thamani ya peso ikakatwa kwa zaidi ya nusu, ruzuku zikapunguzwa, miradi ya serikali ikasimamishwa. Mfumuko wa bei, uliofika asilimia 211 mwaka 2023, ulishuka hadi karibu asilimia 118 mwaka 2024 na ukaendelea kushuka. Katikati ya safari hiyo, nusu ya kwanza ya 2024, umaskini ulipanda hadi asilimia 52.9 ya watu, kabla ya kurudi asilimia 38.1 katika nusu ya pili. Wastaafu wamekuwa wakiandamana mbele ya bunge la Buenos Aires kila Jumatano, kwa sababu pensheni zao ndizo zilizokatwa makali mapema. Kwa hiyo anayesema Milei amefaulu ana takwimu zake, na anayesema amewaumiza wazee ana zake, na wote wawili wanasema kweli.

Wala uhafidhina si dawa ya hakika. Macri naye aliahidi kuituliza bei. Mwaka 2018 alikopa kwa IMF mkopo mkubwa kuliko wowote shirika hilo lilikuwa limewahi kutoa, na aliondoka 2019 mfumuko wa bei ukiwa juu ya asilimia 50.

Sisi tulionjeshwa njia zote mbili ndani ya miezi miwili. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, serikali ya Uhuru Kenyatta ilitangaza pakiti ya unga ya kilo 2 iuzwe shilingi 100, kutoka zaidi ya 200. Mwenye kibanda cha Magongo aliyekuwa bado na mzigo wa bei ya zamani hakujua auze vipi bila kula hasara, na mteja aliyekuja na noti yake ya mia aliambiwa ule wa mia haujafika. Kwenye maduka makubwa ulipofika uliondoka asubuhi hiyo hiyo. Septemba, William Ruto alipoapishwa, alisema ruzuku za walaji zimeshindwa na kwamba atapeleka fedha kwenye mbolea, mfuko wa kilo 50 uuzwe shilingi 3,500. Siku iliyofuata petroli ikapanda kwa takriban shilingi 20 kwa lita, na nauli zikafuata. Mkulima wa Trans Nzoia aliona faida ya mbolea. Mkazi wa Likoni asiye na shamba alisubiri mavuno ya mwingine yamfikie mezani. Hiyo ndiyo tofauti ya kupata leo kidogo na kusubiri kesho zaidi, na sidhani mtu yeyote ana haki ya kumwambia mwenye watoto wanne kwamba kusubiri ni rahisi.

Huduma za umma

Hapa kushoto kuna rekodi nzuri zaidi. Bolsa Família ya Brazil, iliyoanza 2003, iliwapa fedha akina mama maskini kwa sharti kwamba watoto wasome na wachanjwe. Ilifikia zaidi ya familia milioni 11 ndani ya miaka michache, na mwaka 2014 Brazil ikatolewa kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye njaa. Mexico chini ya López Obrador iliwapa wazee wote pensheni bila kuuliza walifanya kazi wapi, na hilo lina maana kubwa kwa mtu aliyeuza samaki maisha yake yote bila hati ya mshahara.

Rekodi ya wahafidhina ina pande mbili. Chile ilikabidhi pensheni kwa kampuni binafsi mwaka 1981, wakati wa udikteta wa Pinochet. Mfumo huo ulikusanya mitaji mikubwa, lakini wazee wengi wakapata kidogo mno, na uchungu huo ulikuwa ndani ya maandamano ya Oktoba 2019 yaliyoanzishwa na nyongeza ya peso 30 tu kwenye nauli ya treni za chini ya ardhi. Upande wa pili, wahafidhina wa siku hizi mara nyingi hawafuti misaada iliyozoeleka. Bolsonaro aliibadili jina Bolsa Família kisha akaongeza kiasi chake. Milei, katikati ya kukata kila kitu, aliongeza maradufu posho ya watoto. Msaada ukishaingia jikoni kwa watu, kuuondoa ni kujiondoa.

Kenya nayo imeonja zote. Elimu ya msingi bila ada ya 2003 ilijaza madarasa kwa zaidi ya watoto milioni moja wapya. Ada za hospitali za 1989, zilizokuja na masharti ya wakopeshaji, ziliwarudisha wagonjwa majumbani.

Kazi na bandari

Kima cha chini cha mshahara Mexico kilizidi mara mbili ya thamani yake halisi kati ya 2018 na 2024, na jambo hilo lilichangia mamilioni ya watu kutoka kwenye umaskini. Ni mafanikio ya kushoto yasiyopingika. Lakini kima cha chini humfikia aliyeajiriwa. Dereva wa tuktuk wa Bamburi hana mwajiri wa kumwongezea.

Wahafidhina hutegemea mwekezaji: punguza kodi, legeza masharti, kazi zitafuata. Wakati mwingine hufuata. Argentina, mwaka wa kwanza wa Milei, sekta ya ujenzi ilipoteza kazi kwa makumi ya maelfu kwa sababu miradi ya serikali ilisimama, huku kilimo na nishati vikikua. Ukiwa fundi wa zege hukuhamia kwenye nishati wiki ile ile.

Kwetu swali hili lina anwani, nayo ni Kilindini. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari na reli wakiwa mstari wa mbele, waligoma mji mzima, na Chege Kibachia akawa sauti yao hadi serikali ya kikoloni ilipomfungia mbali. Urithi huo bado uko hai: chama cha wafanyakazi wa bandari kimepinga mara kwa mara mipango ya kukodisha gati kwa kampuni binafsi, kwa hofu ya kupunguzwa watu. Hiyo ni hoja ya kushoto na ina uzito wake.

Lakini mkono wa serikali nao umewahi kutuumiza. Mwaka 2019 iliamuriwa mizigo ya kwenda bara isafirishwe kwa reli ya SGR, kwa sehemu ili reli hiyo ilipe deni lake. Malori yakaegeshwa Changamwe na Miritini. Gereji, wauza spea, mama wa chakula wa Mariakani, wote wakakosa wateja, na watu wakaandamana mjini. Ruto alipoapishwa Septemba 2022 alitangaza kurudisha kazi za kutoa mizigo Mombasa, na mwenye mzigo akapata tena nafasi ya kuchagua. Hiyo ni hoja ya soko, na aliyeitetea alikuwa ni turnboy na fundi matairi, wala si tajiri. Ndiyo maana nasema mtu asikubali kuambiwa kwamba dola daima ni ya maskini au soko daima ni la matajiri. Tazama amri yenyewe inamgusa nani.

Usalama

Wahafidhina hushinda chaguzi nyingi kwa kigezo hiki. Nayib Bukele wa El Salvador alitangaza hali ya hatari Machi 2022 baada ya magenge kuua makumi ya watu kwa siku chache. Zaidi ya watu 80,000 wamekamatwa, mauaji yameshuka kupita kiasi, na Februari 2024 wananchi walimrudisha kwa kura nyingi mno. Chile, hofu ya uhalifu ilimsaidia sana Kast. Upande wa kushoto, Gustavo Petro wa Colombia alichagua kuzungumza na makundi yenye silaha, na matokeo yamekuwa ya kuyumba.

Ukiishi Kisauni na umewahi kufunga duka mapema kwa sababu vijana wa mapanga wamepita mtaa wa pili, huhitaji kuelezwa kwa nini watu wa El Salvador wanampenda Bukele. Lakini Mombasa hii hii kuna akina mama ambao wana wao walichukuliwa na watu wasiojitambulisha, na hawajarudi. Miongoni mwa waliokamatwa El Salvador wamo wasio na hatia, na kesi zao husikilizwa kwa mafungu. Anayechagua mkono mgumu ajue kwamba mkono huo haumwulizi mtu jina vizuri kabla ya kumshika.

Kuondoka madarakani

Kigezo hiki nakipa uzito kuliko vingine vyote, kwa sababu ndicho kinachokuruhusu kusahihisha uamuzi wako. Mpanda ngazi hushuka, lakini wapo waliopanda wakaivuta ngazi. Daniel Ortega wa Nicaragua, wa kushoto, alikandamiza maandamano ya 2018 kwa vifo vya zaidi ya watu 300 na akawafunga wapinzani. Morales alipuuza kura ya maoni ya 2016 iliyomkataza muhula mwingine, akagombea, na Novemba 2019 akalazimika kujiuzulu katikati ya ghasia. Upande wa kulia, Bukele aligombea tena ingawa katiba ilikataza, na mwaka 2025 bunge lake likaondoa kikomo cha mihula. Bolsonaro aliposhindwa 2022, wafuasi wake walivamia bunge, ikulu na Mahakama ya Juu tarehe 8 Januari 2023, na mahakama ikaja kumhukumu yeye mwenyewe kwa njama ya mapinduzi. Tabia hii haina mrengo.

Na kinyume chake pia hakina mrengo. Uruguay, muungano wa kushoto ulitawala miaka 15, ukashindwa, ukamkabidhi Luis Lacalle Pou mwaka 2020. Naye akamkabidhi Yamandú Orsi wa kushoto Machi 2025. Chile, wananchi waliikataa rasimu ya katiba ya kushoto mwaka 2022 kwa asilimia 62, kisha Desemba 2023 wakaikataa ya wahafidhina. Pande zote mbili zikakubali matokeo. Nalitamani jambo hilo kwetu kuliko bei yoyote ya unga.

Nani anafaa nini

Serikali ya kushoto humfaa zaidi mwenye kipato kidogo asiye na akiba, mwenye mshahara wa chini, mzee asiye na pensheni, na mwenye watoto wa shule. Humfaa zaidi ikiwa nchi ina mapato ya kweli ya kugharimia ahadi zake. Ikiwa inakopa kugawa, atakayelipa mwisho ni huyo huyo, kwa bei kupanda.

Ya kihafidhina humfaa zaidi mwenye biashara inayobanwa na kodi na vibali, muagizaji anayehitaji shilingi isiyoyumba, mwenye akiba inayoliwa na mfumuko wa bei, na mtaa uliochoshwa na uhalifu. Ila lazima uwe na pumzi ya kuvumilia mwaka wa kwanza au wa pili.

Kwa hali yako

Ukiwa umeajiriwa bandarini, hospitalini au shuleni, usiangalie jina la chama. Angalia ilani inasema nini kuhusu mashirika ya umma na makato ya mshahara. Tayari unakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya na 1.5 ya nyumba, na yeyote anayeahidi huduma mpya akuambie kama itaongeza makato hayo.

Ukiuza mboga Kongowea au unaendesha bodaboda, kinachokugusa haraka ni mafuta na unga. Mgombea wa ruzuku atakusaidia mwanzoni. Muulize ruzuku itadumu miezi mingapi na inalipwa na kodi ipi. Mgombea wa soko huria muulize utaishi vipi kabla faida haijafika.

Ukiwa wakala wa forodha, mwenye lori au mwenye duka la mitumba, uthabiti wa shilingi na uhuru wa kuchagua njia ya mzigo vitakuvuta upande wa wahafidhina, na ni sawa. Kumbuka tu kwamba wateja wako ni watu wa mshahara mdogo, na wakikauka mifuko nawe unafunga.

Ukiishi kwenye ardhi usiyo na hati, jambo la kawaida hapa pwani, sera ya kushoto ni serikali inunue au itwae na kugawa, ya kulia ni upewe hati yako uuze au ukope nayo. Likoni, kwenye shamba la Waitiki, mwaka 2016 zilichanganywa: hati zikatolewa, na wakazi wakatakiwa kulipia. Mgombea yeyote anayetaja ardhi aeleze gharama iko kwa nani.

Ukiwa mstaafu unayetegemea pensheni isiyobadilika, mfumuko wa bei ni adui yako mkubwa, na ukataji wa bajeti ni wa pili. Chagua yule aliye na mpango wa kulinda yote mawili, hata kama ahadi zake nyingine ni ndogo.

Na kama bado huna msimamo, uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027. Kabla ya hapo kutakuwa na mikutano Tononoka na kwingineko. Nenda ya pande zote mbili, si ya upande wako tu, na uhakikishe mapema katika ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge lako kwamba jina lako limo kwenye daftari na kituo ulichoandikiwa ndicho unachoweza kufika.